Handaki Lisilochimbwa: Uhakiki wa Istilahi za Kuunganisha Mitandao kwa Siri

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki kundi dogo la istilahi za Kiswahili zinazohusu ufundi wa mitandao ya kompyuta, hasa zile zinazotumika kueleza jinsi mitandao miwili iliyo mbalimbali inavyounganishwa kwa siri juu ya mtandao wa umma. Ufundi huo hujulikana ulimwenguni kwa herufi tatu, VPN. Mara nyingi mwanafunzi hukutana nao kwanza kwenye ruta za kuigizwa ndani ya kompyuta moja, kabla hajaigusa mitambo halisi. Huenda msomaji wa jarida la lugha akajiuliza ruta zina uhusiano gani na kazi yake. Uhusiano upo, nao ni wa karibu. Mwanafunzi anayeshindwa kuziunganisha ruta hizo hushindwa mara nyingi kwa sababu neno alilofundishwa limemwelekeza mahali pasipo na kosa, ilhali amri zenyewe anazijua.

Mjadala wa istilahi katika Kiswahili una umri mkubwa. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, kupitia Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyoundwa mwaka 1964 na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967, swali lililotawala ni la asili: neno litoke wapi? Utaratibu uliozoeleka ni kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho kukopa kutoka ng'ambo. Utaratibu huo una heshima yake, na umeipatia lugha yetu maneno mengi mema. Hata hivyo huuliza nasaba ya neno tu, wala hauulizi litafanya kazi gani mikononi mwa fundi.

Hoja ya makala haya ni moja. Istilahi ya ufundi ipimwe siku jambo linapoharibika. Kila kitu kikienda sawa, neno lolote latosha. Hata mwanafunzi aliyekariri tu hufaulu. Kinapoharibika, mwanafunzi hana ramani nyingine ila ile iliyo ndani ya neno. Istilahi njema ni ile inayomwonyesha pa kutazama. Istilahi mbaya, hata ikiwa ya Kibantu halisi, ni ile inayompeleka pasipohusika.

2. Mahali na zoezi

Tumechagua Kisumu na ukanda wa Kenya wa Ziwa Viktoria kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili cha hapo si lugha ya mama ya wakazi walio wengi. Ni lugha ya kazi na ya makutano baina ya Mluo, Mluhya, Mkisii na wengineo. Vyuo vya ukanda huo, miongoni mwao Chuo Kikuu cha Maseno na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo, hufundisha sayansi kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya elimu ya juu nchini Kenya. Lakini wanafunzi wanapoelezana wao kwa wao jambo lililowashinda, Kiswahili huingia. Katiba ya mwaka 2010, kwa kifungu chake cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo utabaki wa karatasi ikiwa lugha haiwezi kutumika pale kijana anapouliza kwa nini mtambo haujibu. Pili, ziwa lenyewe na mito yake vina mifano hai ambayo, kama itakavyoonekana, yaweza kutusaidia kulihukumu kila neno.

Zoezi lenyewe ni la kawaida. Tuseme kuna ruta mbili, moja ya ofisi ya Kisumu na nyingine ya ofisi ya Bondo. Kila ofisi ina mtandao wake wa ndani: Kisumu hutumia anwani za 192.168.10.0, na Bondo 192.168.20.0. Anwani za namna hii ni za ndani tu, wala mtandao wa umma hauzipitishi. Katikati huwekwa ruta ya tatu inayosimama badala ya mtandao wa umma. Hiyo hujua anwani za nje za ruta mbili za kwanza, lakini haijui lolote juu ya anwani za ndani. Mwanafunzi hutakiwa kuifanya kompyuta ya Kisumu izungumze na kompyuta ya Bondo, huku ruta ya katikati ikipitisha mazungumzo hayo bila kuyaelewa.

Kazi hiyo hufanywa kwa kanuni zinazoitwa IPsec, ambazo msingi wake uliandikwa mwaka 1995 na kurekebishwa mwaka 1998 na 2005. Hatua zake ni hizi. Kwanza ruta mbili hukubaliana jinsi ya kuzungumza kwa usalama: fiche ya aina gani, hesabu gani ya kuhakiki, siri gani ya pamoja ya kutambulishana. Pili hukubaliana jinsi ya kulinda mzigo wenyewe. Tatu, kila ruta huwa na orodha inayosema mzigo upi ulindwe na upi upite wazi. Nne, masharti hayo yote hufungwa katika mlango wa nje wa ruta. Ndipo kompyuta ya Kisumu hutuma mwito wa kupima, ambao mafundi huuita pingi, kwenda kwa kompyuta ya Bondo, nayo hungoja jibu.

Mara nyingi jibu haliji, na hapo ndipo uhakiki wetu unapoanzia.

3. Handaki

Neno linalomjia mwalimu kwanza anapotaka kueleza muungano huu ni handaki. Ni tafsiri ya moja kwa moja ya neno la Kiingereza. Kwa nasaba halina aibu: lilitoka katika Kiarabu, khandaq, mtaro uliochimbwa kuizunguka ngome, nalo limekaa katika Kiswahili kwa muda mrefu. Kwa mizani ya asili, handaki linapita.

Tulipime sasa kwa mizani ya kosa. Anayesikia neno handaki huona njia iliyochimbwa, iliyo mbali na barabara ya watu wote, na iliyopo hata kama hakuna apitaye. Mkazi wa Kisumu hahitaji kwenda mbali kuona mfano wake. Katika mradi wa umeme wa Sondu-Miriu, uliokamilika mwaka 2008 na wenye uwezo wa megawati 60, maji huchepushwa kutoka mtoni, yakapitishwa ndani ya handaki lenye urefu wa kilomita zipatazo 6, yakazungusha mitambo upande wa Nyakach. Hilo ni handaki la kweli. Maji yaliyomo humo hayamo tena mtoni. Mto ukichafuka, ukiziba au ukikauka hapo kati, baina ya kinywa cha handaki na mitambo, maji ya handaki hayana habari. Na hata maji yakifungwa, handaki lipo palepale, tupu, likingoja.

Muungano wa ruta zetu hauna hata moja ya sifa hizo tatu. Mzigo hauchepushwi, hupita katika mtandao uleule wa umma, kwa ruta zilezile, bega kwa bega na mizigo ya watu wengine. Njia ya umma ikikatika, muungano nao hukatika. Na kabla ya mzigo wa kwanza kutumwa, hakuna kitu chochote kilichopo baina ya Kisumu na Bondo ila masharti yaliyoandikwa kwenye ruta mbili.

Matokeo yake kwa mwanafunzi ni dhahiri. Pingi isiporudi, aliyefundishwa handaki hukagua fiche, funguo na masharti yote ya usalama, akayafuta na kuyaandika upya, ilhali ruta ya Kisumu haina hata njia ya kuifikia anwani ya nje ya Bondo. Angepaswa kuanza na swali jepesi: je, ruta hizi mbili zinaonana waziwazi, bila siri yoyote? Neno handaki limemzuia asiulize, kwa kuwa limemwambia kwamba njia ya wazi haihusiki.

Ziwa lina mfano bora zaidi. Tangu miaka ya 1960 meli ya MV Uhuru ilibeba mabehewa ya reli kutoka Kisumu. Baada ya kusimama kwa miaka mingi, ilirudi kazini mwishoni mwa mwaka 2019, ikivusha mabehewa ya mafuta kwenda Port Bell, Uganda. Behewa husukumwa likiwa zima, pamoja na magurudumu yake, hadi juu ya reli zilizolazwa melini. Meli hukata maji yaleyale ya mvuvi na ya abiria. Ng'ambo ya pili behewa hushushwa, likaendelea na safari yake juu ya reli kana kwamba halikupata kuvuka maji. Likiwa ziwani, liendako behewa si kazi ya ziwa. Ziwa hujua safari ya meli tu, kutoka bandari hii hadi bandari ile.

Ndivyo hasa ifanyavyo ruta ya Kisumu. Huichukua pakiti nzima, pamoja na anwani zake za ndani, ikaitia ndani ya pakiti nyingine yenye anwani za nje: imetoka ruta ya Kisumu, inakwenda ruta ya Bondo. Mfano wa behewa una mpaka wake, kwani mtu aliye pwani aweza kuliona behewa melini, ilhali pakiti ya ndani hufichwa isionekane hata anwani yake. Lakini kwa mizani ya kosa mfano huu hushinda. Meli isipofika, kila mtu ataanza kuuliza kama ziwa linapitika na kama bandari ziko wazi. Hakuna atakayeanza kwa kulifungua behewa.

Kwa istilahi fupi ya tendo hili twapendekeza bahasha. Barua ndani ya bahasha, na bahasha hiyo ndani ya bahasha nyingine yenye anwani nyingine, ni jambo ambalo kila aliyewahi kupeleka barua posta hulielewa. Twaweza kusema kutia bahasha na kutoa bahasha. Maneno pakia na pakua yangefaa kwa kuwa ni ya bandarini, lakini yamekwisha kushikwa na kazi nyingine ya kompyuta, ya kupandisha na kushusha faili, na kuyabebesha maana ya pili ni kuzidisha utata.

4. Mapatano

Ikiwa kilichopo baina ya ruta mbili si handaki, basi ni kitu gani? Ni mapatano. Kiingereza chenyewe, kinapotoka kwenye picha na kuingia katika kanuni, hakisemi handaki. Husema kwamba kuna uhusiano wa usalama uliokubaliwa na pande mbili. Kiswahili kina neno lililo tayari, nalo lina faida ambayo handaki haliwezi kuipata: mapatano huhitaji pande mbili, huwa na masharti, na huwa na muda.

Kila moja ya sifa hizo ni kosa linalongojea kutokea. Pande mbili: ikiwa ruta ya Kisumu inataka fiche ya AES ya biti 256 na ya Bondo inakubali ya biti 128 tu, hakuna mapatano, hata kila ruta peke yake ikiwa haina dosari. Aliyefundishwa handaki hutafuta ruta iliyokosea. Aliyefundishwa mapatano huziweka ruta mbili kando kwa kando na kulinganisha sharti kwa sharti. Masharti: orodha ya mzigo wa kulindwa lazima iwe kama kioo. Kisumu ikisema mzigo utokao 10 kwenda 20, Bondo yapasa iseme utokao 20 kwenda 10. Mmoja akiongeza mstari asiouongeza mwenzake, sehemu ya mazungumzo huenda bila kurudi. Muda: katika ruta nyingi za Cisco, ambazo ndizo huigizwa sana madarasani, mapatano ya kwanza huwekewa sekunde 86,400, yaani siku moja, na mapatano ya mzigo sekunde 3,600, yaani saa moja, kabla ya kufanywa upya. Handaki halimalizi muda; mapatano humaliza.

Hapa pia panaeleweka jambo linalowafadhaisha wanafunzi wengi kuliko yote. Baada ya kuandika masharti yote sawasawa, mwanafunzi huitaka ruta imwonyeshe muungano wake, naye haoni kitu. Akituma pingi, mara nyingi ya kwanza hupotea, kisha zinazofuata hujibiwa. Kwa lugha ya handaki huu ni muujiza au ni ubovu. Kwa lugha ya mapatano ni jambo la kawaida: ruta hazikuwa na sababu ya kukutana mpaka mzigo ulipotokea mlangoni, na mzigo wa kwanza uliangushwa wakati wakubwa wakiwa bado mezani wakijadiliana.

Yafaa pia kuongeza kwamba majadiliano na mzigo havipiti kwa namna moja. Majadiliano hupita kwa itifaki ya UDP, poti namba 500. Mzigo uliolindwa hupita kwa itifaki nyingine, namba 50. Mlinzi wa katikati akiruhusu ya kwanza na kuzuia ya pili, mapatano yatasainiwa lakini shehena haitafika. Anayefikiri kwa handaki hawezi kulieleza tukio hili, kwani handaki likiwa wazi huwa wazi kwa kila kitu. Anayefikiri kwa mapatano hulieleza mara moja: wamekubaliana, lakini barabara ya mizigo imefungwa.

Kuhusu mzigo unaochaguliwa ulindwe, Kiingereza huuita kwa sifa inayomaanisha kwamba unavutia. Kuifasiri sifa hiyo neno kwa neno ni kuchekesha darasa. Mzigo huo hauvutii, umeteuliwa. Twapendekeza shehena teule.

5. Fumbo, fiche na lakiri

Neno usimbaji fiche limekwisha kuenea katika simu na kompyuta kwa maana ya kugeuza ujumbe usisomeke bila ufunguo. Wako wanaoliona zito, nao wangependelea jozi ya kufumba na kufumbua, ambayo ni ya Kiswahili cha ndani kabisa na inayowapendeza watu wa fasihi. Mvuto wake hauna shaka. Twafumba mkono, twafumba macho, twafumba maneno. Na fumbo ni mali ya washairi wetu tangu kale.

Lakini hapa tena mizani ya kosa hutoa hukumu tofauti na mizani ya asili. Methali zetu husema kwamba fumbo hufumbiwa mjinga, mwerevu akaling'amua. Fumbo ni mtihani wa akili: mwenye busara hulifumbua kwa kulitafakari. Fiche ya kisasa ni kinyume chake. Tangu Auguste Kerckhoffs alipoandika juu ya jambo hili mwaka 1883, kanuni iliyokubaliwa ni kwamba njia yenyewe ya kuficha yaweza kujulikana na adui bila madhara, mradi ufunguo ubaki siri. AES, iliyotangazwa kuwa kipimo rasmi cha Marekani mwaka 2001, imechapishwa yote ili kila mtu aisome. Mwerevu haifumbui kwa werevu wake. Mwenye ufunguo huifungua hata akiwa mjinga. Mwanafunzi aliyelelewa na neno fumbo atadhani usalama umo katika kuficha aina ya fiche aliyoitumia, huku siri ya pamoja ikiwa ni jina la mji lililoandikwa kwenye karatasi ya zoezi. Amelinda kisichohitaji ulinzi na kuacha wazi kinachouhitaji. Kwa hiyo twaona usimbaji fiche, pamoja na uzito wake, ubaki. Na fumbo lirudi kwa washairi, ambako halina mpinzani.

Upo upungufu mwingine ambao haujaangaliwa vya kutosha. Kuficha ni sehemu moja tu ya ulinzi. Ruta ya Bondo hutaka pia kujua kwamba pakiti haikuguswa njiani, na kazi hii hufanywa na hesabu ya kuhakiki inayosafiri pamoja na mzigo. Maelezo mengi ya Kiswahili huyatia mambo haya mawili katika neno moja, usalama, na mwanafunzi hubaki akiamini kwamba kilichofichwa hakiwezi kubadilishwa. Kiswahili kina neno la kale linalofaa kabisa: lakiri, ile nta iliyogongwa muhuri juu ya barua. Lakiri haifichi barua; hutoa ushahidi kama imefunguliwa. Bahasha ni ya kusafirisha, fiche ni ya kuficha, lakiri ni ya kuthibitisha. Maneno matatu kwa kazi tatu, na kila moja likiharibika huharibika kwa namna yake.

6. Kipanga njia, pepe na kuigiza

Kwa mtambo wenyewe, wafasiri wengi wameweka kipanga njia. Tusizungumzie sana kwamba kipanga ni ndege mla vifaranga, ingawa wanafunzi hawataacha kulizungumzia. Shida kubwa ni kwamba neno lasema uongo kuhusu kazi. Anayepanga njia huijua yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Ruta haijui hivyo; kwa kila pakiti huamua hatua inayofuata tu, kama askari wa njiapanda anayeonyesha barabara ya mbele yake na kumwachia mwenziwe wa njiapanda ijayo. Mwanafunzi anayeamini kwamba ruta ya Kisumu imeipanga njia yote hukagua Kisumu peke yake, akasahau kwamba Bondo nayo yapaswa kujua njia ya kurudishia jibu. Mkopo ruta hausemi kitu, na kwa sababu hiyo haudanganyi. Mara nyingine neno bubu ni salama kuliko neno lenye ulimi wa uongo.

Kuhusu pepe, twajua limekaa imara katika barua pepe, na hakuna atakayeling'oa huko. Lakini linapovutwa kuuita muungano wetu mtandao pepe, yafaa tukumbuke kwamba pepe, kwa mkulima wa mpunga, ni punje isiyo na kiini. Katika nyanda za Kano, ambako mpunga wa Ahero hulimwa kwa umwagiliaji, punje ya namna hiyo ni hasara. Mtandao unaozungumziwa hapa si mtupu. Hubeba shehena ya kweli baina ya ofisi za kweli. Mtandao wa faragha juu ya njia ya umma ni maelezo marefu zaidi, lakini ni ya kweli, na yanataja kitu ambacho mwanafunzi husahau daima: njia ya umma.

Limebaki neno kuigiza. Hapa Kiswahili kimefanya vizuri bila kukusudia. Neno lililo katika michezo ya kuigiza ndilo lililo katika ruta za kuigizwa, na watu wa fasihi wanajua kwamba mwigizaji hutenda yaliyo katika mchezo tu. Programu ya Packet Tracer ni mchezo wa namna hiyo. Imeandikiwa baadhi ya amri za ruta, wala si zote. Na katika baadhi ya ruta zake amri za usalama hazikubaliki mpaka leseni yake iwashwe na ruta ianzishwe upya. Amri ikikataliwa, huenda kosa si la mwanafunzi, bali maneno hayo hayamo katika mchezo. Programu ya GNS3 ni kitu kingine: huendesha ndani ya kompyuta mfumo uleule unaoendeshwa na ruta halisi. Kuyaita yote mawili kuigiza ni kumnyima mwanafunzi swali la maana: je, ninayezungumza naye ni mwigizaji, au ni mhusika mwenyewe katika mwili wa kuazima? Twapendekeza ya kwanza iitwe ruta igizi na ya pili ruta pandikizi, kwa mfano wa mche uliong'olewa kitaluni ukaoteshwa shambani, ukiwa mche uleule.

7. Pingamizi

Pingamizi mbili zapaswa kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba amri zote za ruta zimeandikwa kwa Kiingereza, na zitabaki hivyo. Ya nini basi kusumbuka? Ni kweli kwamba amri hazifasiriki, wala hatupendekezi zifasiriwe. Lakini amri ni kitendo tu. Sababu ya kitendo, na utafutaji wa kosa baada ya kitendo, hufanywa kwa lugha ya kuelezana. Hapo ndipo Kiswahili kinahitajika, na hapo ndipo kinapoonekana hafifu au hodari.

Ya pili ni nzito zaidi: kwamba hata Kiingereza husema handaki, na mafundi wake wamefanikiwa. Jibu ni kwamba waliolichagua neno hilo walikuwa wamekwisha kukijua kitu. Kwao neno lilikuwa kifupisho, si mlango wa kuingilia. Kwa mwanafunzi wa Kisumu neno ndilo mlango wenyewe. Tena lugha inayofika baadaye ina haki moja ambayo waliotangulia hawakuwa nayo: yaweza kuyaona makosa ya picha za wenzake kabla ya kuzirithi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipotoa programu ya Jambo OpenOffice katika mwaka 2004, kilionyesha kwamba kompyuta yaweza kuzungumza Kiswahili kwenye menyu zake. Hatua iliyobaki ni Kiswahili kieleze pia kwa nini kompyuta imenyamaza.

8. Hitimisho

Tumependekeza bahasha, mapatano, shehena teule na lakiri. Tumetetea ruta na usimbaji fiche. Tumepinga handaki, fumbo, pepe na kipanga njia katika matumizi haya. Yawezekana baadhi ya mapendekezo hayo yasikubaliwe, na mengine yapatikane yaliyo bora. Lililo muhimu ni mizani. Kamati za istilahi zimekuwa zikiketi na kamusi za lugha mbili mezani. Twashauri ziketi pia na daftari la makosa. Mwalimu wa mitandao wa Maseno au wa Bondo aulizwe mambo kumi ambayo wanafunzi wake hukwama kila mwaka, na kila neno linalopendekezwa lijibu: je, mwanafunzi akiwa nami peke yangu, nitampeleka penye kosa? Neno litakalojibu ndiyo lipewe nafasi, liwe limezaliwa Lamu, limetoka Arabuni au limekopwa jana.